Fundi wa sabufa Magomeni, Mtwara: besi imerudi

Sabufa yangu niliinunua msimu wa korosho, ya mkononi, sauti nyembamba kama kiredio cha shambani. Nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa Magomeni, meza yake iko chini ya mwembe. Akafungua, akacheka: "Kaka, spika nzima hii, imebaniwa tu."

Kumbe kapasita (kile kikopo kidogo cha kutunza chaji ya umeme) inayopitisha sauti kwenda kwenye spika ilikuwa ya ukubwa wa mikrofaradi 470. Kwa spika ya omu 4, besi inaanza kukatwa ikishuka chini ya hezi 85 hivi, yaani mitetemo 85 kwa sekunde. Akaweka ya 2200, volti zilezile 35, na mkato ukashuka hadi kama hezi 18. Hesabu yote alinipigia kalamu nyuma ya risiti. Hilo nililipenda kuliko hata kazi yenyewe.

Nyumbani glasi zilitetemeka kabatini. Mama akauliza kama lori limepita.

Ila alisahau kurudisha waya wa ethi (ule wa ardhi), ikawa inavuma "mmmm" hadi niliporudi kesho yake. Na ukiwasha inapiga "dufu!" kubwa kuliko zamani, anasema kapasita kubwa ndivyo ilivyo wakati inajaa umeme. Nimelipa 12,000. Ya shemeji naipeleka Jumamosi.