Bajia za kunde au za unga wa dengu?

Ukiwa na haraka, chukua unga wa dengu. Changanya na maji hadi uwe uji mzito, tia chumvi, kitunguu, pilipili mbichi, giligilani na mchicha uliokatwa vizuri, kisha choma kwenye mafuta ya moto. Nusu saa haiishi. Ubaya wake ni kwamba unga huo ni wa kununua, na dengu si zao la kupanda nyuma ya nyumba. Kwa Tanzania, hulimwa zaidi kwenye mbuga za udongo mweusi Kanda ya Ziwa.

Kunde zina kazi. Huloweka usiku kucha, asubuhi unafikicha maganda yote (hapa watoto huitwa wakasaidie, na hukimbia), unasaga kwa maji machache sana, halafu unapiga rojo kwa mwiko mpaka liwe jepesi. Ukiruka hatua hiyo, bajia inakuwa ngumu kama kokoto. Ukiifanya, unapata bajia laini ndani, kavu nje, bila hamira.

Kilichonivuta upande wa kunde ni bustani. Kunde hustahimili ukame, na huota hata kwenye gunia la udongo na samadi. Wiki tatu au nne tu, unachuma majani machanga ya mboga. Ukichuma kwa kiasi, mmea huo huo utakupa punje baadaye. Mchicha wa bajia za dengu nao huota upesi, ila unataka maji kila siku.

Wageni wakibisha hodi ghafla, bado nakimbilia dengu.