Wanga, pini au gundi? Cha kununua kabla ya kushona mfarishi

Baridi ya Juni ikianza kushuka Mbeya, oda za mifarishi huongezeka, na mafundi wapya hurudi na swali lilelile: kitenge cha juu, pamba ya katikati na bitana unavishikaje visitembee chini ya mguu wa cherehani?

Kabla hujatoa pesa, ijue pamba yako. Chomoa nyuzi chache uziwashe kwa kiberiti. Pamba halisi hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu. Poliesta huyeyuka ikaganda kama shanga ngumu. Fanya hivyo hata kama cha katikati ni blanketi la mtumba na muuzaji wa pale soko la Mwanjelwa ameapa kuwa ni pamba tupu. Wanga hushika vizuri kwenye pamba. Poliesta hainyonyi, na pasi ya moto itaiharibu.

Kama ni pamba, chaguo langu la kwanza ni wanga wa kupika mwenyewe. (Mwenzangu wa Tanga bado anauita dondo.) Unanunua konfulawa na chupa ya kupulizia, ile ya wasusi, basi. Kijiko kikubwa kimoja kwa vikombe viwili vya maji: koroga kwanza kwenye maji baridi kidogo, mimina kwenye maji yanayochemka, koroga mpaka madonge yaishe. Ukipoa, uchuje kwa kitambaa, la sivyo mdomo wa chupa utaziba katikati ya kazi. Pika wa kutosha kazi moja tu, maana huchacha.

Wanga wa kopo nauweka wa pili kwa sababu ya bei tu. Unapulizika laini kuliko wa kupika na hauna madonge, kwa hiyo ukiwa na haraka ununue. Soma kopo kwanza: mimi niliwahi kurudi nyumbani na marashi ya nguo, harufu nzuri, hakuna kilichoshikana.

Wa kupika au wa kopo, namna ni moja. Tandaza bitana, weka pamba juu yake, ikunje pamba nusu, pulizia upande wa ndani wa bitana, irudishe pamba na kuilaza kwa kiganja kuanzia katikati kwenda pembeni. Subiri kidogo wanga uingie ndani ndipo upige pasi. Ukiharakisha utapata magamba meupe na pasi itanata. Geuza, rudia upande wa kitenge. Kitenge kiwe kimeshafuliwa, maana kinachochuja rangi kitaichafua pamba kikilowa. Na wanaotumia pasi ya mkaa, pulizeni majivu nje kwanza. Yakidondoka kwenye wanga mbichi hayafutiki, nimeshalipia kitenge cha mteja kwa kosa hilo.

Mfarishi wa mtoto hushikwa na wanga peke yake. Wa kitanda cha sita kwa sita utakunjwa na kuvutwa sana, wanga utaachia pembezoni, kwa hiyo ongeza pini.

Pini zile za nepi ndizo za tatu, ila kwa mwenye poliesta ni za kwanza. Chagua nyembamba, zenye ncha kali, zisizo na dalili ya kutu. Zipige kwa nafasi ya kiganja, na uzitoe kabla sindano haijazifikia. Zitakutumikia miaka.

Kupiga bandi kwa mkono, yaani kushikiza kwa mishono mirefu ya muda, hakugharimu zaidi ya uzi, lakini mgongo utakuambia. Nafanya hivyo kwa kazi ndogo tu.

Gundi ya kupulizia naiweka ya mwisho, ingawa inashika kuliko zote. Inawaka moto, na mvuke wake haufai kuvutwa. Sisi wa nyanda za juu wakati wa baridi tunafunga madirisha na kuwasha jiko la mkaa chumbani. Gundi hiyo na jiko visikae chumba kimoja kabisa.

Kazi uliyotia wanga usiiache sandukuni wiki kadhaa bila kushona, mende wanaupenda wanga. Ukimaliza, ufue mfarishi ili wanga wote utoke. Kama uko Tukuyu kwenye mvua nyingi, subiri siku yenye jua la uhakika: pamba iliyolowa ni nzito, na ikilala na unyevu itanuka.