Daftari la alama la mwandishi wa besiboli: lipi la kununua, lipi la kuacha

Mwandishi anayefuata timu moja ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani ana mechi 162 mbele yake kila msimu, mbali na za maandalizi na za mtoano. Kwa kila mechi anahitaji kitu kimoja ambacho kompyuta haijamwondolea: daftari la alama, yaani la kuandikia kila tukio la mechi kwa namba na vifupisho. Akikosea kulichagua, atahangaika nalo miezi sita.

Sokoni kuna aina tatu: daftari la waya lenye kurasa kubwa, daftari lililoshonwa kama kitabu, na kadi ya karatasi moja kama zile zinazopatikana uwanjani. Kwa kazi ya kila siku chukua la waya. Kazi ngumu ni kuchagua kati ya madaftari ya waya yenyewe, kwa sababu mengi yamechorwa na watu wanaowafikiria makocha wa timu za watoto, na mahitaji ya kocha si ya mwandishi.

Wapo watakaouliza daftari la nini wakati Gameday, huduma ya ligi ya mtandaoni, inaonyesha kila mpira uliorushwa, tena bure. Gameday hukupa tukio moja moja, moja likisukuma jingine nje ya skrini. Ukurasa wa daftari hukupa mechi nzima kwa jicho moja. Ukishuka na safu ya iningi ya sita (iningi ni awamu ambayo kila timu hupata zamu ya kupiga; kwa kawaida mechi ina tisa) unaona jinsi mambo yalivyoharibika, na ukifuata mstari wa mpigaji wa nne kutoka kushoto kwenda kulia unaona kwamba amepiga mara nne na mara zote mpira umekwenda kwa mlinzi wa kituo cha pili. Aya ya pili ya habari yako huwa imelala pale. Henry Chadwick, Mwingereza mzaliwa wa Exeter aliyekulia New York, aliliona hili mapema. Jedwali lake la takwimu za mechi lilichapishwa mwaka 1859, na herufi K tunayoandika hadi leo kwa mpigaji aliyetolewa kwa straiki tatu (mipira mizuri aliyoshindwa kuipiga) ni yake: aliitoa mwishoni mwa neno struck.

Sasa vipimo. Ukurasa wa kawaida wa Marekani ni sentimita 21.6 kwa 28, na kila timu hupewa ukurasa wake. Safu ya majina hula kama sentimita 5 za upana, safu za jumla 3, hivyo kwa iningi zinabaki 13 na ushei. Ukizigawa kwa safu 11, kila kisanduku kinapata upana wa sentimita 1.2. Ukizigawa kwa 15, kinashuka hadi 0.9, na hapo mwandiko wa mtu mzima hautoshi. Safu 9 tu nazo ni mtego. Mechi haihitaji iningi za ziada ili ikumalizie nafasi: timu ikipigisha watu 10 katika iningi moja, mpigaji wa kwanza anarudi na kisanduku chake kimeshajaa, kwa hiyo unaingia safu ya jirani na kufuta namba za iningi zote zinazofuata. Safu 11 au 12 ndicho kipimo kinachofaa. Daftari la safu 9 liache dukani hata karatasi yake ikiwa nzuri namna gani.

Kila nafasi ya mpigaji iwe na mistari 3 ya majina: aliyeanza na wawili wa kuingia baadaye. Yenye mistari 2 hujaa mapema siku kocha anapobadilisha wachezaji kwa wingi.

Ndani ya kisanduku ndiko ubora unakoonekana. Madaftari ya bei ya chini huchapa umbo la almasi, yaani vituo vinne vya uwanja, kwa wino mweusi, pembeni yake vifupisho vya 1B, 2B, 3B (mpigo wa kufika kituo cha kwanza, cha pili au cha tatu), HR (homurani, mpigo wa kuzunguka vituo vyote) na BB (kituo cha bure) vya kuzungushia duara, na chini visanduku vidogo vitano: vitatu vya boli (mipira iliyorushwa nje ya eneo la kupigwa), viwili vya straiki. Kwa mwandishi hili ni tatizo juu ya tatizo. Wino mweusi humeza mstari wa penseli unaoonyesha mkimbiaji alikofika. Duara kwenye 1B halisemi mpira ulikwenda upande gani. Na mpigaji anayegusa mipira sita nje ya mstari baada ya straiki mbili hana pa kuandikiwa, ilhali pambano la aina hiyo ndilo linalomchosha mrushaji na ndilo utakaloulizia katika chumba cha wachezaji baada ya mechi.

Kisanduku kizuri kina almasi ya kijivu hafifu, au hakina kitu kabisa. Chukua mfano. Mpigaji wa tatu anapewa kituo bure: BB kona ya chini kulia, mstari mmoja kutoka nyumbani hadi kituo cha kwanza. Mpigaji wa nne anapiga mpira wa chini kwa namba 6 (mlinzi kati ya kituo cha pili na cha tatu), anayeurusha kwa 4 (wa kituo cha pili), naye anaumalizia kwa 3 (wa kituo cha kwanza). Kwenye kisanduku cha wa nne unaandika 6-4-3 na namba 2 ndani ya duara kwa kuwa ni auti ya pili (mchezaji wa pili kutolewa; wa tatu humaliza zamu ya timu). Kwenye cha wa tatu unavuta mstari nusu ya njia kuelekea kituo cha pili, unaukata kwa kistari kifupi, unaandika 6-4 na namba 1 ndani ya duara. Visanduku viwili, auti mbili, na mwaka wowote ujao utaelewa kilichotokea. Namba hizo, 1 kwa mrushaji hadi 9 kwa mlinzi wa nje upande wa kulia, hufuata nafasi ya mchezaji katika orodha, si mahali alipokuwa amesimama mpira ulipomfikia. Wapo wanaolikosea hili walinzi wanapohamishwa kidogo upande mmoja.

Kisha kuna saa. Tangu 2023 mrushaji ana sekunde 15 za kurusha kukiwa hakuna mkimbiaji. Akiwapo mkimbiaji, zilikuwa 20 na kuanzia 2024 ni 18. Kati ya mpigaji na mpigaji ni sekunde 30. Zamani mwandishi aliweza kuandika tukio, kumuuliza jirani, kunywa maji na kuinua macho kwa wakati. Siku hizi ukurasa unaokulazimisha kujaza kila mpira kwa rangi yake utakufanya ukose mpira unaofuata. Ndiyo maana nasisitiza kisanduku kitupu: nukta ndogo kwa straiki, kistari kwa boli, na mwisho wa iningi jumla ya mipira ya mrushaji chini ya safu, kwa mfano 17/58, yaani 17 katika iningi hiyo na 58 tangu aanze.

Sehemu ya warushaji ndipo madaftari mengi yanapoanguka kabisa. Timu ina wachezaji 26, na kati yao warushaji ni hadi 13. Kutumia warushaji sita usiku mmoja ni jambo la kawaida. Daftari lenye mistari 4 ya warushaji linakusukuma uandike pembeni kabla ya iningi ya nane. Tafuta mistari 8. Safu zake ziwe za iningi alizorusha, mipigo, pointi, ER (pointi anazobebeshwa mrushaji mwenyewe, bila zile zilizotokana na makosa ya walinzi), BB, K, HR na jumla ya mipira, na safu ya ER iwe na upana wa kutosha kufuta na kuandika tena, kwa sababu utafuta.

Mfano wa kwa nini utafuta. Auti mbili. Mlinzi namba 6 anaangusha mpira rahisi, unaandika E6 (kosa la namba 6), mkimbiaji yuko kituo cha kwanza. Anayefuata anapiga homurani. Pointi mbili zimeingia, na mrushaji habebeshwi ER hata moja, maana bila kosa lile iningi ingekuwa imekwisha. Lakini kama kocha alileta mrushaji mpya baada ya kosa na kabla ya homurani, huyo mpya hafaidiki na auti iliyopotea kabla hajaingia. Pointi ya mkimbiaji wa kosa haimhusu, ila ya mpiga homurani inaingia kwenye ER yake, huku kwa hesabu ya timu pointi zote mbili hazimo. Kwa hiyo jumla ya ER za warushaji inaweza kuzidi ER ya timu, nawe hujakosea. Ili ulione hili ukurasani unahitaji mstari mnene wa mlalo kati ya visanduku pale mrushaji alipobadilishwa. Penseli ya rangi nyekundu inatosha, mradi daftari limeacha mwanya wa kuuchora.

Iningi za ziada nazo zimebadilika. Tangu 2020, katika mechi za kawaida za msimu, kila timu huanza kila iningi kuanzia ya kumi ikiwa na mkimbiaji kituo cha pili: kwa kawaida yule aliyetangulia, katika mpangilio wa kupiga, mtu atakayeanza kupiga. Sijaona haja ya daftari lenye alama maalumu kwa ajili yake. Nenda kwenye kisanduku chake katika safu mpya, weka nukta kwenye kituo cha pili, anza mstari hapo. Akifunga, aliyemleta nyumbani anahesabiwa kama kawaida, lakini pointi hiyo haiingii ER ya mrushaji.

Mkimbiaji huyo anavuruga kitu kimoja, nacho ni hesabu ya mizani. Daftari la mwandishi lazima liwe na mstari chini ya kila iningi wa wakimbiaji walioachwa vituoni. Mengi hayana. Bila mstari huo huwezi kuthibitisha ukurasa wako: zamu zote za kupiga lazima zilingane na pointi, jumlisha walioachwa vituoni, jumlisha auti. Timu iliyopiga iningi tisa kamili ikiwa na zamu 38, pointi 4 na walioachwa 7, itimilike na auti 27. Ikikataa, kuna mtu uliyemruka. Kwenye iningi za ziada ongeza 1 upande wa zamu kwa kila mkimbiaji aliyewekwa, la sivyo utatafuta kosa ambalo halipo wakati mhariri anangoja.

Karatasi: gramu 90 au zaidi kwa mita ya mraba. Nyepesi zaidi ya hapo huchanika kwa raba pale unapofuta H (mpigo) kuwa E (kosa) kwa mara ya pili, na wino huonekana upande wa pili. Penseli ya milimita 0.5 inafaa kwa kisanduku cha sentimita 1.2. Waya uwe wa kukunjika nyuzi 360. Daftari lililofunuka lote ni sentimita 43, na meza ya jukwaa la waandishi tayari ina kompyuta. Likikunjwa, utaligeuza kila nusu iningi, yaani mara 16 au 17 kwa mechi, kwa hiyo waya laini unaopinda utaanza kung'oa kurasa kabla msimu haujafika katikati.

Lililoshonwa lina sifa moja ambayo la waya halina: mgongo wa kuandikia mwaka. Linafaa kwa rafu, halifai kwa meza, maana halilali wazi. Kadi ya uwanjani ni ya shabiki. Programu za tableti ni nzuri kwa kutoa takwimu papo hapo, ila ukigusa kitufe kisicho sahihi tukio linahesabiwa na kufuta kunachukua hatua kadhaa, wakati raba ni mkono mmoja.

Daftari la mechi 100 lina karatasi 100, hivyo msimu mmoja ni mawili. Chagua aina inayoweza kupatikana tena mwakani kwa ukubwa uleule. Mwanachama wa chama cha waandishi wa besiboli, BBWAA, kilichoundwa 1908, hupata kura ya Hall of Fame, jumba la heshima la besiboli, baada ya miaka 10 mfululizo, na siku anapopima majina ya kura yake, madaftari 20 yenye mpangilio mmoja ni rahisi kupekua kuliko 20 ya kila namna.

Usipitishe wino juu ya penseli usiku uleule. Kwa miongo mingi waandishi wenyewe ndio waliokuwa makarani rasmi wa alama. Leo ni kazi ya mtu mwingine aliyekaa jukwaani humo humo, na kanuni inamruhusu kubadilisha uamuzi wake ndani ya saa 24 baada ya mechi. Timu au mchezaji naye ana saa 72 za kuomba uamuzi upitiwe upya na ligi. Weka alama ndogo ya kuuliza kwenye kona ya kisanduku chenye utata, acha ukurasa kwa penseli, na urudi nao siku ya nne.