Saa ya kuhesabu kalori niliyomnunulia bi mkubwa, nyota 3

Nilimchukulia bi mkubwa ile saa ya mkononi ya kuhesabu hatua na kalori, Kariakoo, elfu 65, mana alikua kapungua uzito nikataka kujua kwa siku mwili wake unatumia kiasi gani ili nijue ale kiasi gani. Leo wiki ya 5.

Siku ya kwanza tu ikaandika 2,300, nikasema huyu mama wa miaka 71 kalima shamba la nani?? Kumbe kijana wa dukani alivyoiunganisha na simu, kilo na urefu kaweka sawa ila umri kaacha 25 na jinsia mwanaume 😂 Nikapiga hesabu mwenyewe kwa ile fomula ya Mifflin-St Jeor, kilo mara 10, jumlisha sentimita mara 6.25, toa miaka mara 5, mwanamke unatoa tena 161. Kilo 62, sentimita 158, inakuja kama 1,092, na hiyo ni ya kulala tu hajainuka kitandani. Kijana wa kiume wa 25 mwenye mwili huohuo ni 1,488. Yani karibu 400 za bure, sahani ya wali hiyo.

Nikarekebisha, vituko havikuisha. Akikaa kwenye mbuzi kukuna nazi inamhesabia hatua, "mwanangu mimi nimekaa, hii imetembea na nani?" Akibeba ndoo kichwani mkono umeishikilia, haihesabu kitu. Halafu anatumia atenolol ya presha, ile dawa inashusha mapigo, kwahiyo akipanda ngazi anahema saa inaona kama kapumzika.

Na msiseme ni bei rahisi ndo mana. 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima saa 7, Apple Watch na Fitbit zikiwemo, kwenye mapigo ya moyo, 6 kati ya hizo zilikosea chini ya asilimia 5, ila kwenye kalori hata iliyofanya vizuri kuliko zote ilikosea asilimia 27.

Mapigo kweli iko vizuri, nimelinganisha na mashine ya presha tofauti 2 au 3, chaji siku 6, namba kubwa anasoma bila miwani na anawaringia mashoga zake nayo. Kalori nimeificha kwenye kioo. Mzani nimeukopa kwa jirani, kila jumamosi asubuhi kabla ya chai anapanda, juzi ilisoma 62.8 na uji wa karanga hatujapunguza.