Nimelipia mafunzo ya Street Fighter, nikaishia kuitwa dogo

Mpaka sasa hivi naandika hasira haijaisha. Kuna jamaa anafundisha gemu za kupigana online, jina lake naliacha, nilimlipa 15,000 kipindi kimoja anifundishe kumchezesha Ryu, mpiganaji wa Street Fighter 6, kwa sababu mimi nimekulia Tekken, gemu nyingine ya kupigana, nikataka kuhamia huku.

Hata hajaniuliza natokea gemu gani, anatuma meseji: 2MK, 236LP. Basi, piga hiyo. Sasa jamani, kwenye Tekken namba ni batani, 1 ngumi ya kushoto, 2 ngumi ya kulia, 3 na 4 mateke. Nimeona 2 nikabonyeza batani ya pembetatu kwenye padi, Ryu akarusha ngumi. Jamaa akasema namba ni mwelekeo, angalia zilivyopangwa. Nikafungua simu pale pa kupigia, 2 iko juu katikati, nikapeleka juu, Ryu anaruka. Narudia, anaruka. Nikamuuliza kwa heshima kabisa, kaka samahani, hiyo 2 ni juu au chini? Akajibu, "Dogo, kama hata namba hujui ulilipia nini?"

Dogo! Nina mke na watoto wawili, sauti yake tu unajua ni kijana mdogo, na hela yangu ameshakula. Nikazima.

Kama wiki mbili zimepita niko dukani kwa mama nampigia hesabu, nikaangalia ile kalkuleta yake, 7 8 9 ziko juu na 1 2 3 ziko chini, yaani kinyume na simu! Hapo hapo ikaingia. 5 ni katikati hujagusa kitu, 6 mbele, 4 nyuma, 8 kuruka, 2 kuchuchumaa. 2MK ni chini na teke la kati. 236LP ni chini, chini-mbele, mbele na ngumi nyepesi, ile Hadouken ya siku zote, mpira wa nguvu anaourusha Ryu, na 623 na ngumi ni Shoryuken, ngumi ya kuruka juu. Ukihamia upande wa kulia wa skrini unageuza, 6 inabaki mbele. Jioni nikapiga, teke likigusa tu Hadouken inafuata palepale, nilipiga kelele mpaka mke wangu akatoka jikoni.

Kwa hiyo niseme ukweli, hizi namba ni nzuri sana, Mjapani na Mtanzania wanasoma kitu kimoja, na alichonipa jamaa kilikuwa sahihi. Nilitaka kumpa nyota moja, nikasema basi tatu, anajua kazi. Lakini hapana, kila nikikumbuka... neno moja tu, "kalkuleta", lilimshinda nini kulisema? Mdogo wangu nimemchorea vile viboksi tisa nyuma ya risiti, dakika tano tu kaelewa, sijamwita jina lolote. Nyota moja, na hela ya kipindi cha pili niliyotanguliza naitaka irudi.