Daktari amfuate mgonjwa, au mgonjwa akimbizwe hospitali?

Ufaransa ilichagua njia ya kwanza. SAMU, huduma yake ya dharura ya matibabu, ilianzia mjini Toulouse mwaka 1968 chini ya Profesa Louis Lareng, na sheria ya 1986 ikaipa muundo wa taifa. Ukipiga 15, namba yake ya dharura, daktari ndiye anayeamua kama gari litoke. Likitoka lina dereva, muuguzi na daktari, na matibabu huanzia pale pale. Uingereza ilishika njia ya pili: unapiga namba 999, wahudumu wasio madaktari, kisha mbio kuelekea hospitali. London iliunganisha huduma zake za ambulansi mwaka 1965.

Kwa Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo (DRC), sisi tungeanza na ya pili. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anahitaji damu na chumba cha upasuaji, na chumba hicho hakiingii garini. Daktari akikwama kwenye msongamano, zamu yake hospitalini inabaki wazi. Ya kwanza inashinda kwa anayeshindwa kupumua, mradi oksijeni itoshe: chupa ya lita 5 yenye shinikizo la baa 200 ina takriban lita 1000, yaani dakika 100 ukitoa lita 10 kwa dakika. Kwenye hizo punguza kiasi cha akiba.

Ila Kadutu, mtaa wa Bukavu, kikwazo si gari, ni vichochoro. Ambulansi inaishia barabarani, machela inabebwa na watu wanne: mkishuka, miguu itangulie, mkipanda, kichwa. Mikanda ifungwe kabla ya kuinua, kwani kwenye utelezi mgonjwa huteleza pamoja na godoro. Na simu ya kwanza iulize alama ya karibu, kanisa au bomba la maji. Namba za nyumba hazisaidii sana.