Fungu la makaburini la Pauper: miezi saba mezani na Songs of the Damned

Nimecheza na fungu hili tangu Machi, karibu kila Ijumaa jioni, katika duka la michezo karibu na kwangu hapa Leipzig. Ni fungu la karata 60 za Magic: The Gathering, la aina inayoitwa Pauper, ambayo huruhusu karata zilizowahi kuchapishwa katika kiwango cha kawaida tu. Zile adimu za bei ya kodi ya nyumba hazina nafasi. Sikulikuta dukani limefungwa tayari. Nimelijenga karata moja moja, nikiagiza kwa wauzaji mbalimbali, na bahasha zilifika kwa wiki tatu.

Magic ilibuniwa na Richard Garfield na kuanza kuuzwa Marekani mwaka 1993, mimi nikiwa shule ya msingi Pangani. Ningeishi bila kuijua kama si mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 15 aliyezaliwa hukuhuku, aliyeniomba nimsindikize dukani kwa sababu baba yake ana zamu za usiku. Wiki ya tatu nikachoka kukaa kitini na kunywa chai. Nikaomba kufundishwa.

Katika karata za barazani, iliyoliwa imeliwa. Hapa ni tofauti. Kila mchezaji ana rundo lake la kutupia linaloitwa makaburi, na ziko karata zinazoyatazama makaburi hayo na kuyageuza kuwa mali. Waliotunga sheria wenyewe wamewahi kuungua na jambo hili. Mwaka 2019 walitoa karata moja, Hogaak, Arisen Necropolis, ambayo unailipia kwa kuondoa karata za makaburini na kulaza ubavu viumbe wako walio mezani, hulipi hata mana moja, yaani ile nguvu ya kulipia karata ambayo kwa kawaida hutoka kwenye karata za ardhi. Ilitoka Juni, na kufikia mwisho wa Agosti ilikuwa imepigwa marufuku katika mashindano ya aina nyingine, Modern. Mtu akiweza kuyatumia makaburi yake kama mkono wa pili, mpinzani mwenye mkono mmoja anapata taabu.

Fungu langu halina jeuri ya Hogaak, lakini wazo ni hilohilo. Lina viumbe 28, na kwa kawaida sikusudii kumwita hata mmoja vitani. Ninawahitaji wakiwa wamekufa. Karibu wote wana uwezo ninaouita kuzungusha: unalipa mana moja, unamtupa kiumbe makaburini, unavuta karata nyingine. Horror of the Broken Lands, Architects of Will na Monstrous Carabid huzungushwa kwa mana nyeusi moja. Imposing Vantasaur na Drannith Healer kwa mana moja ya rangi yoyote. Street Wraith haitaki mana kabisa, inataka uhai wako alama 2. Troll of Khazad-dûm yeye, kwa mana moja, anakutafutia karata ya ardhi, ndiyo maana ninathubutu kucheza na Swamp 11 tu, ardhi zinazotoa mana nyeusi. Kila mmoja wa hao ninao wanne.

Kisha inakuja Songs of the Damned, karata ya mwaka 1995, ambayo ndiyo roho ya fungu zima. Unailipia mana moja nyeusi, nayo inakupa mana nyeusi moja kwa kila kiumbe aliye makaburini mwako. Wakiwa kumi, unapata kumi. Reaping the Graves inarudisha viumbe mkononi ili uwazungushe upya, na ina neno Storm: inajirudia mara moja kwa kila karata iliyochezwa kabla yake katika zamu hiyo. Mwisho ni Haunting Misery. Unaondoa viumbe makaburini, na kila mmoja anamtoa mpinzani alama moja ya uhai. Mpinzani huanza na 20. Nadhani hesabu unaiona.

Baba yangu alikuwa mchezaji wa bao. Nikiwa mdogo nilikaa ukingoni mwa mkeka nikimtazama akichota kete na kuzisambaza shimo kwa shimo. Ya mwisho ikiangukia penye kete anazichota, anaendelea, mpaka iangukie shimo tupu, hapo amelala. Hakugusa kete kabla ya kujua atalala wapi, na wengine walimlalamikia kwa kukawia. Usiku wa kwanza nilipoona fungu hili likichezwa nilimkumbuka yeye, maana zamu yake ni mtaji mrefu wa bao: unazungusha, unavuta, unalipia, unarudisha, unazungusha tena. Ukikosa karata ya kuendelea, umelala, na ulivyotumia vimeshatumika. Wenzangu dukani wana neno lao la Kiingereza. Mimi na rafiki yangu Mkongo wa Bukavu tunasema tu "imelala".

Niieleze zamu moja, ya Mei, kwa sababu hapo ndipo nilipolipenda kweli. Zamu ya nne. Nina Swamp tatu, makaburini viumbe sita, mkononi Songs, Dark Ritual, Reaping the Graves, Street Wraith na Horror. Mpinzani ana alama zake 20, na mbele yake viumbe wawili ambao zamu ijayo wangeniua. Natupa Street Wraith kwa alama mbili za uhai: viumbe saba, navuta Architects. Nazungusha Horror kwa Swamp ya kwanza: wanane, navuta Vantasaur. Swamp ya pili inalipia Dark Ritual, inanipa mana tatu, na pamoja na Swamp ya tatu ninazo nne. Nazungusha Architects, kisha Vantasaur. Sasa wako kumi na mana imebaki mbili. Karata nilizovuta ni Lotus Petal, ambayo huchezwa bure, na Carabid. Naweka Petal mezani. Nacheza Songs: natoa mana moja, zinaingia kumi. Reaping the Graves imetanguliwa na karata tatu, kwa hiyo inarudisha viumbe wanne. Nawazungusha wote pamoja na Carabid, navuta karata tano mpya, na ya tano ni Songs ya pili.

Mana zile siandiki kwenye karatasi. Nimeweka komwe 30 za bao la Baba kwenye kikopo cha kahawa, nazipanga mezani kumikumi. Kila nikilipa nasogeza moja kwenda kushoto. Mpinzani anaona, mwamuzi anaona, na mimi mwenyewe sipotei. Mtoto wa kaka yangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu akininong'oneza, "Shangazi, taratibu, hesabu tena kabla hujairusha." Nilihesabu tena. Makaburini walikuwa 21. Haunting Misery ikaondoa 20.

Ubaya wake sasa, maana upo, na mkubwa zaidi ni kwamba makaburi yako wazi kwa kila mtu. Relic of Progenitus ni karata ya bei ndogo ambayo wengi huiweka kwenye karata zao 15 za akiba. Inakaa mezani ikisubiri, na mwenye nayo akilipa mana moja anafuta makaburi yote. Wiki moja baada ya ushindi ule nilicheza Songs nikiwa na viumbe tisa, mbele yangu Relic na ardhi moja ambayo mpinzani hajaitumia. Niliiona. Nilijiambia labda ameisahau. Hakuisahau: alisubiri nitoe Songs, akayafuta makaburi yote kabla Songs haijafanya kazi, na kwa kuwa Songs huhesabu viumbe wakati inapofanya kazi, si wakati unapoitoa mkononi, nilipata mana sifuri. Nilikuwa nimelala katikati ya meza na Reaping the Graves mkononi ambayo haikuwa na wa kumrudisha. Tangu siku ile, nikijua mpinzani anaileta Relic, nacheza polepole, naweka Duress, karata ya kuufunua mkono wa mpinzani na kumtupisha karata moja, ili niione Relic ikiwa bado mkononi mwake, na ikishatua mezani nazungusha viumbe vichache vichache mpaka aone hofu na kuitumia mapema. Makaburi yakifutwa yakiwa na watatu, nina wengine 25 wa kuanzia upya.

Kosa jingine nililifanya mwezi mzima bila kujua, na nawaombeni mlikwepe. Kuzungusha si kucheza karata. Storm inahesabu karata zilizochezwa tu, kwa hiyo hata ukizungusha viumbe kumi, Reaping the Graves haitajirudia hata mara moja kwa ajili yao. Nilikuwa nahesabu vyote. Mpinzani mmoja mpole alinisimamisha, tukamwita mwamuzi, tukarudisha hesabu, nikapoteza. Faida ya Storm kwa upande mwingine ni hii: mpinzani akiizima karata yenyewe kwa Counterspell, nakala zake zinabaki na kufanya kazi. Dhidi ya wachezaji wa rangi ya buluu hilo limeniokoa mara nyingi.

Storm ina historia yake katika Pauper. Empty the Warrens na Grapeshot zilipigwa marufuku mwaka 2013, Chatterstorm mwaka 2021. Reaping the Graves imeachwa, nadhani kwa sababu haiui mtu yenyewe, inarudisha tu mkononi.

Kuhusu fedha: nimetumia kama euro 95, na zaidi ya nusu ilikwenda kwenye Lotus Petal nne. Viumbe karibu wote ni senti. Mwenye bajeti ndogo aanze bila Petal, aweke Swamp mbili zaidi na viumbe wawili, fungu litachelewa zamu moja lakini litatembea. Muuzaji mmoja alinitumia Songs mbili zilizokunjika pembe huku tangazo lake likisema ziko kama mpya. Nilirudishiwa fedha, ila nilipoteza siku tisa. Nunueni pia mifuko ya plastiki imara, yenye mgongo usioonyesha. Karata za 1995 na za 2023 hazilingani ukingo baada ya kuchezewa, na bila mifuko mtu anaweza kuitambua Songs kwa kidole.

Muda nao ni tatizo la kweli. Raundi ni dakika 50, na zamu yangu kubwa ilikuwa inachukua dakika nane mpaka kumi, mwenzangu amekaa tu ananitazama. Si haki kwake. Nimejizoeza nyumbani usiku, peke yangu na kikopo cha komwe, mpaka nimefika dakika nne. Ninatamka kila hesabu kwa sauti: viumbe wangapi, mana ngapi, karata ngapi zimechezwa. Nikiona kuwa nitalala, sianzi, napitisha zamu. Anayependa kuingiza kiumbe na kushambulia, fungu hili litamchosha kabla ya mwezi kwisha. Rafiki yangu wa Bukavu nilimwazima, akalirudisha siku ya pili: "Dada, hii ni kazi ya ofisi." Yeye anacheza jeshi la Goblin, na ana raha zake.

Kwangu mimi ninayeshinda mchana nikihesabu sampuli maabara, ningedhani jioni nitataka kupumzika na hesabu. Kumbe hizi nyingine zinanipumzisha. Limenishindia raundi nyingi kidogo kuliko lilizonipoteza, na zile nilizopoteza karibu zote nilijua ni wapi nilipogusa kete kabla ya wakati.

Ijumaa hii natoa Drannith Healer mmoja na kuingiza Reaping the Graves ya nne, maana mara mbili mwezi huu nimelala nikiwa na mana tele na hakuna wa kumzungusha. Duress zitakuwa nne. Komwe ni zilezile 30.